Mlango wa Kushoto

Siku hizi, baada ya chakula cha mchana, nyumba ile hunyamaza hadi inatisha. Kwa miaka mingi saa kama hizo ililia keekee ya kutobolea, mlio mwembamba wa kung'ang'ania, kama mbu aliyesomeshwa. Keekee ikikoma, msasa unaanza. Msasa ukikoma, kinafuata kikohozi cha vumbi la jasi, na sauti ya mama kutoka jikoni: "Ziba pua, Mzee! Mapafu hayauzwi dukani." Jirani wa chini, ambaye zamani aligonga dari kwa mpini wa ufagio kwa hasira, juzi alipanda ngazi mwenyewe.

"Dada, mbona kimya? Mie usingizi wa mchana umenikimbia."

Binti wa nyumba alicheka, akarudi kwenye cherehani. Yeye hushona mapazia chumba cha pili, na tangu keekee inyamaze mishono yake inapinda.

Mwenye keekee ni baba yake. Mtaani wanamwita Fundi Meno, kwa kuwa alitengeneza meno ya bandia tangu ujana hadi alipostaafu. Daktari alipima kinywa, yeye akamimina jasi, akachonga, akasugua, na leo wapo wazee wengi mjini wanaocheka kwa kazi ya mikono yake. Mikono hiyo ilikuwa na mazoea ya kugeuza. Kilicho kulia ndani ya kalibu, lile umbo la kumiminia, kinywani kiko kushoto. Hilo alishaacha kulifikiria, kama mtu asivyofikiria ngazi za nyumbani kwake.

Mama alikuwa nesi wakati wa vita. Alisafiri na ndege ya mizigo ya injini mbili, iliyokwenda na magunia na kurudi na majeruhi. Hakusimulia. Vita vilimpitia, vikamwachia bega: mkono wake wa kulia haupandi juu ya sikio, na binti alikua akijua kwamba vya rafu ya juu ni kazi yake yeye.

Kisha chama cha wastaafu wa vita kikajenga ukumbi. Mwenyekiti wake, Sajini, alikuwa raia wa siku nyingi, lakini tumbo lake bado lilimtangulia kama linaongoza gwaride. Alimwomba Fundi Meno awatengenezee ile ndege, ndogo kwa kipimo cha moja kwa kumi, itundikwe darini siku ya ufunguzi. Hata hivyo ilikuwa kubwa. Kiwiliwili chake kilizidi kitanda kwa urefu, na mabawa yalipofungwa, sebule ikawa yake. Familia ilikula sahani zikiwa mapajani, chini ya bawa, kama vifaranga.

Fundi Meno aliijenga kwa njia aliyoijua. Alichimba kalibu mbili za jasi, ubavu huu na ubavu ule, akalaza ndani yake matabaka ya kitambaa na gundi, akabandua maganda na kuyaunganisha. Binti alikata vitambaa. Mama alipita na ndoo yake ya maji, na hakutazama hata mara moja.

Alitazama siku rangi ilipokauka. Alileta chai, akaizunguka ndege polepole, sinia mkononi. Akazunguka tena.

"Mzee, mlango umeuweka wapi?"

"Si huo hapo? Una macho, Nesi." Alimwita Nesi tangu uchumba.

"Huo uko kulia. Mlango ulikuwa kushoto."

"Nimefuata picha."

"Sijui picha. Mimi nilisimama mlangoni natazama nje, pua ya ndege iko mkono wangu wa kulia. Wakinipa machela, naivutia ndani, kulia, kuelekea pua. Kila machela, kulia." Akaweka sinia chini. Akajaribu kuinua mkono, ukakwama palepale unapokwama daima. "Ukiuacha mlango huo hapo, Mzee, basi bega hili limeharibikia kwa mtu mwingine."

Akarudi jikoni. Hakugonga chombo.

Fundi Meno aliichukua picha, akaitazama, akaitazama kalibu, akaitazama mikono yake. Kwenye kalibu alikuwa amekwisha kugeuza, kama kazi inavyotaka. Kisha mkono, kwa mazoea yake, ukageuza tena bila kuombwa. Aliketi chini ya bawa, na chai ikapoa.

Kesho yake Sajini alikuja kuona kazi. Aliisifu ndege kama anayemsifu bibi harusi, mpaka alipoambiwa.

"Basi hilo ndilo la kukunyima usingizi? Tutaitundika, ubavu huo uelekee ukutani. Nani atachungulia?"

"Atakayechungulia ni mimi," alisema Fundi Meno.

"Ufunguzi umekaribia, Fundi. Wageni wamealikwa. Kosa moja haliachi mke!"

"Simwachi mke. Naacha mlango."

Binti alicheka ndani ya ushungi wake, lakini Sajini hakucheka. Alimgeukia mama, akalainisha sauti. "Shemeji, mwambie mumeo. Wewe unaelewa. Nyinyi manesi mlitusaidia sana, hakuna anayekataa. Ila ukumbi ni wa askari. Hayo ya milango ni mambo madogo."

Mama alikuwa anapangusa meza. Aliweka kitambaa chini.

"Sajini," alisema, "wewe uliingia kwenye ndege hiyo umelala. Utajuaje mlango uko wapi?"

Sajini alifunga mdomo, meno yake mazuri yakabaki ndani. Nayo yalikuwa kazi ya Fundi Meno. Kisha akasema kwamba ndege isipokuwa tayari, atatundika kitu kingine, na ndoano ya darini haitamngoja mtu. Akaondoka, tumbo mbele.

Ndipo binti alipomwomba baba yake. Alikuwa na sababu. Mtoto wa jicho alikuwa amekwisha kumfunika baba jicho la kushoto na anaanza kunyemelea la pili. Kukata ganda lililoungwa, lenye mbavu ndani na mabawa ubavuni, ni kama kung'oa jino bila kugusa taya. "Baba, ukiipasua hii, nyingine hutaijenga. Wakiiona ikiwa na kosa, angalau wataiona. Ikivunjika, mama hatakuwa na chochote mle ndani."

"Ikienda hivi ndiyo hatakuwa na chochote. Shika taa."

Alikata kwa msumeno mdogo wa kukatia meno ya bandia, kwa ncha za vidole zaidi kuliko kwa jicho. Karibu na bawa ganda lilipiga mlio mkavu, ufa ukakimbia kupitia madirisha mawili kabla hajauzuia kwa kidole gumba. Binti alifumba macho. Mama alikuja mlangoni, akasimama.

"Endelea," alisema. "Nimeona vilivyopasuka zaidi ya hapo, na vilifika."

Aliendelea. Kipande cha ubavu wa kushoto alichokitoa alikipeleka kulia kuziba mlango wa uongo, na nafasi zilizobaki, pamoja na ufa, alizijaza kwa plastiki ya waridi anayotengenezea fizi, kwa kuwa ndiyo aliyoiamini. Kwa nje aliipaka rangi ya vita. Kwa ndani akaiacha.

"Watacheka," alisema binti.

"Wacheke. Wengine nimewapa meno ya kuchekea."

Siku ya ufunguzi ilifika ndege ikiwa bado mezani. Sajini alitundika bendera kwenye ndoano, hotuba zikasomwa, wageni wakala wakaenda. Fundi Meno siku hiyo alikuwa anapiga msasa. Alipomaliza, hakuuliza mtu. Alikodi kigari cha mkono, akapakia kiwiliwili, mabawa wakayabeba binti na jirani wa chini, na mama akatangulia katikati ya barabara, akiyaamuru magari yasubiri.

Sajini aliwakuta ukumbini, wameshaweka ngazi chini ya ndoano na kuifunga ndege kamba, imeinuliwa nusu. Alitazama bendera yake iliyokunjwa vizuri juu ya kiti. Alifungua kinywa. Mama alikuwa amepanda kipandio cha pili cha ngazi na kuingiza mkono wa kulia mlangoni, mlango wa kushoto, hadi kiwiko.

"Shemeji, taratibu, usiiharibu!"

"Niliishika hii kabla hujashonewa tepe za usajini."

Akauacha mkono humo kidogo. Uso wake ulikuwa umeelekea ukutani, na binti, aliyeshika ngazi, hakuuona. Aliliona bega tu, limetulia. Kisha mama akashuka, akamwambia Sajini, "Haya, vuta kamba." Sajini akavuta.

Ndege iko juu mpaka leo, mlango wazi. Ukichungulia, ng'ambo ya ndani unaona kiraka cha waridi kama fizi, na watoto huuliza. Wa kuwajibu yupo. Jicho la pili la baba nalo limekwisha kufungwa, keekee amempa binti ambaye hajui kuitumia, na mama humsindikiza asubuhi na kumfuata jioni. Fundi Meno yuko ukumbini kila siku isipokuwa Jumatatu, ukumbi unapofungwa, kwenye kiti cha mbao, upande wa kushoto wa ndege.