Mti Wenye Uwanja

Kwenye njia ya shamba letu la mpunga, nje kidogo ya Kindu, palisimama mti mwembamba ambao chini yake hapakuota hata jani. Msituni kwetu kila mmea hupanda juu ya mwenzake, lakini pale udongo ulikuwa mtupu, safi, kana kwamba mwenye nyumba anangojea wageni. Mama hakupita bila kupiga hodi. Kwetu, uwanja uliofagiliwa una mwenyewe.

Mimi niliamini ndani ya mti mnaishi watu wadogo. Alfajiri, nikimfuata mama na usingizi ungali machoni, nilisikia fagio zao.

Mchana mmoja tulikuwa tunatoka kufagia uwanja wa bwana mkubwa Mbelgiji, kazi ya zamu ambayo hakuna mama aliyethubutu kuikataa. Tulipofika kwenye ule mti, mama aligonga shina kwa kijiti, akanivuta nyuma upesi. Sisimizi weusi wakamiminika kutoka kwenye matawi, yaliyo matupu ndani kama filimbi. Mti huwapa malazi. Wao humng'ata kila anayeugusa, na mmea utambaao ukinyoosha ncha kuelekea shinani, wanaukata.

Basi hao ndio watu wangu wadogo! Nikauliza, "Mama, nani anawatuma kufagia?"

Mama alijinyoosha polepole, mkono kiunoni, fagio la bwana mkubwa lingali kwapani.

"Hakuna muntu anawatuma, mutoto wangu. Hapa ni kwao."