Muhogo wa Siku ya Tatu

Nakumbuka, mwanangu, siku profesa wangu aliponirudishia kurasa zangu akacheka mpaka akavua miwani. "Bi Time," akaniambia, "kwa utafiti wako huu, Pujini watu wanakula pilau na kuku kila siku ya Mungu. Basi na sisi tuhamie huko!"

Cheka nawe, nakuruhusu. Mimi siku ile sikucheka.

Nilikuwa Bara, nasomea shahada ya pili ya sayansikimu, ile elimu ya chakula, malezi na matumizi ya nyumba. Kuipata nafasi ile ilikuwa vita. Ami zangu walimwambia baba, "Mtoto wa kike umvushe bahari akasomee kupika? Jiko la mama yake limebomoka?" Baba, Mungu amrehemu, aliwajibu neno moja tu: "Atasoma." Sasa profesa kanipa likizo moja niitengeneze upya kazi yangu, nikishindwa, nifungashe virago. Ningeshuka bandarini Mkoani mikono mitupu, na hao ami zangu wangekuwa wa mwanzo kunipokea, kwa kicheko.

Kazi yenyewe ilikuwa kujua familia za Pujini, kwetu Pemba, zinakula nini na nani anapata nini, maana watoto wengi pale walikuwa wamedumaa. Nami nilikwenda na mizani yangu na baibui langu jipya, na kila nyumba nikatanguliza salamu: kesho nakuja. Ebo! Umwambie Mpemba kesho unakuja, kisha utaraji akuwekee muhogo? Kuku walikimbizwa kitongoji kizima. Hata asiyekuwa na mchele aliomba kwa jirani asiaibike. Nikapima, nikaandika, nikashukuru, nikaondoka.

Basi likizo ile nikaenda kwetu Wambaa, nikamweleza mama huku nalia. Mama alikuwa akiparuza samaki, wala hakuacha.

"Weye ulikwenda kupima chakula chao," akasema, "wao wakakutolea heshima yao. Ukenda kama mgeni utalishwa kama mgeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Weye ulishika jembe la nani?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nilikwisha kuvunjika moja. Nikarudi Pujini bila kutanguliza salamu, nimejifunga kanga, nikafikia kwa Bi Mize, mama mwenye watoto wengi aliyenipikia ile pilau ya mwanzo. Siku ya kwanza akachinja jogoo. Siku ya pili akatafuta pweza. Siku ya tatu alfajiri nikamfuata bondeni kwenye mpunga, nikachukua jembe.

"Bi Time, utajiumiza!"

"Bi Mize, nimetoka kwa mama yangu na amri."

Tulilima, tope mpaka magotini, na wapita njia wakasimama kunitazama. Tuliporudi viganja vyangu vilikuwa malengelenge matupu. Bi Mize akatua sinia la muhogo wa kuchemsha na dagaa, akaona haya. "Leo hakuna kitu, mwenzangu."

Mwanangu, nilitaka kumbusu! Hicho "hakuna kitu" ndicho nilichokitafuta. Na siku ile, kwa kuwa nilikula sinia moja na wanawake na watoto, niliona. Mikono mikubwa iliwahi dagaa, na yule mdogo aliyeachishwa ziwa juzijuzi akabaki na muhogo mtupu. Hakuna aliyemnyima, mkono wake tu haukufika. Kwenye pilau nisingeliliona hilo, kwani mgeni hutengewa chake. Nikazunguka nyumba kwa nyumba hivyo hivyo, jembe kwanza, kalamu baadaye. Tukaanza kuwatengea wadogo vibakuli vyao, na haukupita muda mrefu akina mama wakawa wanaitana kuonyeshana watoto walivyonawiri.

Siku ya kuutetea utafiti, mtahini mmoja akaniuliza kwa nini nililima, na kulima kunahusiana nini na elimu yangu. Nikasimama wima: "Kwa sababu kwetu, bwana, mgeni hafunuliwi chungu cha kila siku." Profesa wangu akapiga meza kwa furaha. Nikapita! Wallahi nilipita, tena kwa alama za juu.

Ami zangu walikuja Mkoani wote. Mkubwa wao ndiye aliyenibebea sanduku, na kila aliyekutana naye alimwambia, "Huyu mwanetu kasomea kupika mpaka kamaliza!"

Nikaenda Pujini kumshukuru Bi Mize. Vigelegele vilinipokea tangu njiani, nyumba imejaa watu, nami moyoni nikasema leo pilau. Akaja na sinia la muhogo na dagaa, akaliweka mbele yangu, safari hii bila haya yoyote.

"Pilau tunapikia wageni," akasema.

Nililia mbele ya watu wote, kwa furaha, na nikala mpaka nikaramba vidole.

Basi nawe unayefunga sanduku kwenda kusoma, asikwambie mtu elimu ya jikoni ni ndogo. Kila waziri na kila shehe alilelewa na jiko la mtu. Wala usitosheke na unachotolewa siku ya kwanza. Kaa mpaka ya tatu, chafua mikono, ndipo uandike. Nenda, mwanangu, radhi zangu unazo. Mungu akufungulie nyoyo za watu na vyungu vyao, akurudishe na ushindi, na akujaalie nyumba watakamokupa muhogo bila kukuomba radhi. Amin.