Neno Nililosema Redioni Kawempe

Mwezi uliopita nilikwenda Kawempe kutafuta mabati, nikajikuta mbele ya nyumba ya mzee wa redio. Siku hizi ni duka la rangi. Rafiki yangu, jambo hili sijalisimulia hata kwa mume wangu.

Wakati ule nchi ilikuwa mikononi mwa wanajeshi, na baba yangu, sajini, alikuwa amepelekwa ng'ambo kusomea mitambo. Sisi tulipanga chumba Bwaise. Mvua ikinyesha maji yaliingia ndani, tukapandisha magodoro juu ya meza. Barua zilichukua miezi. Lakini kila Jumamosi alasiri tulipanda Barabara ya Bombo kwa miguu hadi kwa mzee huyo, Mnubi aliyestaafu idara ya mawasiliano ya jeshi. Jeshi lilimruhusu kuwa na redio yake ya kuongea na watu wa mbali, naye akawaunganisha askari na familia zao bila kutaka chochote. Wake za askari walisubiri uani juu ya mikeka, wakila kisra, mkate mwembamba uliopikwa na mke wa mzee, na kunywa chai ya tangawizi. Ndani tuliingia familia moja moja. Palinuka vumbi lililopata moto, na redio ilipiga mluzi mrefu kabla sauti ya mtu haijatokea.

"Salamu, afya, basi," mzee alimwambia kila aingiaye. "Kuna watu wengine wanasikiliza." Ukimaliza, unasema "ova".

Jumamosi moja mama alikuwa na homa, akanituma peke yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilijiona mtu mzima.

"Munakula vizuri? Ova," baba aliuliza.

Nilikuwa nimepanga foleni ya sukari siku mbili na kurudi mikono mitupu. Nikasema, "Sukari hakuna, sabuni hakuna. Wakubwa wa jeshi wanabeba yote kwao. Ova."

Mzee akazima redio. "Enda nyumbani, mutoto yangu," alisema taratibu. "Usiambie mtu."

Aliyenifuata kwenye zamu alikuwa mke wa koplo, binti wa kutoka mji wa Arua, mjamzito, aliyekuwa akinisuka nywele kila Jumapili. Alitoka analia, kwa sababu redio haikuwashwa tena.

Siku ya tatu gari la jeshi likaja, likamchukua mzee pamoja na redio.

Wanawake walikutana chumbani kwetu kutafuta nani aliyewaponza. Wote walikumbuka kilio kile. "Mimi sikusema kitu," binti wa Arua alisema. "Mzee aliniambia leo haishiki." Alitutazama mmoja mmoja. Nilikuwa kwenye kona nachambua maharagwe. Niliendelea kuchambua.

Tangu hapo hakuna aliyemsalimu binti huyo bombani. Mama alinikataza kwenda kusukwa, nikatii haraka, kwa maana sikuweza kukaa na vidole vyake kichwani mwangu. Kabla ya kujifungua, binti yule alipanda lori la mihogo akarudi kwao.

Mzee aliachiliwa baada ya miezi mitano, sikio moja halisikii. Wanawake walipomuuliza ni nani aliyesema, alijibu kwamba hakumbuki. Wakati wote huo hakunitazama hata mara moja, nami nilijua ananificha.

Baba naye alirudi. Yeye alikuwa amesikia kila neno. Tulipobaki wawili aliniuliza, "Ulimwambia mama yako ukweli?"

"Nilimwambia," nikasema.

Akaniamini, na hayakutajwa tena.

Mzee, baba na mama, wote watatu wamekwisha kufa. Ua ule umejengwa hadi ukingo wa barabara, na wale wanawake walioshiriki chai isiyo na sukari walitawanyika vita vilipoingia mjini. Mimi nimefika Arua mara mbili kwa kazi. Mara zote mbili nililala hotelini, nikamaliza shughuli zangu na kuondoka asubuhi, bila kumuulizia yule binti kwa mtu yeyote. Mtoto wake sasa ni mtu wa makamo. Sijui hata kama ni mwanamume au mwanamke.