Amplifaya ya Baba na Mafuta ya Nazi

Ukiiwasha, kwanza ilinguruma kidogo, kama mtu anayekataa kuamshwa, kisha ikatoa harufu ya vumbi lililopata moto. Ndipo gitaa likasikika. Ilikuwa amplifaya ndogo ya mazoezi, ya zamani, ya transista, haizidi kreti la soda kwa ukubwa. Baba, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja nayo kutoka bara alipohamishiwa Kilindoni, kisiwani Mafia, miaka ile hifadhi ya bahari ilipokuwa bado ngeni na watu wakibishana wapi pavuliwe na wapi pasivuliwe. Sauti yake ilikuwa kavu, haina madoido. Ukikosea uzi mmoja, mtaa mzima umejua. Kwa sauti hiyo nilijifunza gitaa, na nilipofika miaka kumi na miwili nilikuwa nalipiga vizuri kuliko kijana yeyote wa kwaya. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa.

Hewa ya Mafia ina chumvi, inakula kila chuma. Kisiwani dawa yake ni mafuta ya nazi: kufuli, bawaba, baiskeli, vyote vinapakwa. Amplifaya ndiyo peke yake nyumbani kwetu iliyokuwa haipakwi. Kila Jumamosi niliifuta kwa kitambaa kikavu, tundu la waya na vitufe vya kuzungushia sauti, kisha nikaifunika kwa kanga kuukuu.

Ilipotangazwa kwamba askofu anakuja, baba aliiazimisha kwaya amplifaya ile. Nyimbo zote nilizijua. Siku ya mazoezi mwalimu wa kwaya, Bwana Zakaria, alinipokonya gitaa mbele ya kwaya nzima akampa mpwa wake, ambaye hata kukaza uzi hawezi. "Wewe binti, nenda kapige pasi majoho," akasema. Watu wakacheka. Baba alikuwepo, akatazama chini. Nilimchukia Zakaria, na baba naye sikumwacha salama moyoni.

Amplifaya ikabaki kanisani. Siku mbili baadaye nilikutana na Zakaria njiani, nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote. "Marahaba. Hivi baba yako anaitunzaje ile amplifaya isishike kutu?" Jibu lilinijia papo hapo, wala sikulitafuta. "Tunaipaka mafuta ya nazi, mwalimu. Hata mle tunduni, hata chini ya vitufe." Akanishukuru, akaniita mtoto mzuri.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Mpwa alizungusha kitufe. Amplifaya ikakwaruza, ikanyamaza, kisha ikapiga yowe hata askofu akaziba masikio. Vumbi lilikuwa limegandamana na mafuta. Mimi, na majoho yangu niliyoyapiga pasi, nilikuwa nastarehe. Zakaria akaninyooshea kidole: "Ni huyu aliyeniambia nipake mafuta!" Baba akaniuliza palepale, mbele za watu. Nikamtazama usoni nikasema, "Mimi? Sijasema chochote." Nani angemwamini mtu mzima anayemsukumia mtoto makosa yake? Mwezi haukuisha, Zakaria akaacha kwaya. Baba aliifungua amplifaya, akaisafisha kwa spiriti bila kuniuliza tena, ikapona. Gitaa nikapewa mimi.

Siku hizi kanisa lile lina spika ndefu kuliko mimi na umeme wa mchana kutwa, na wasichana wawili wanapiga gitaa, hakuna anayeshangaa. Spika hizo zinabembeleza, ukikosea, zinakufichia. Nilipokwenda mwaka jana, Zakaria alinisubiri mlangoni, mzee sasa, anatembelea fimbo. Akanishika mkono. "Mwanangu, siku ile nilikuaibisha. Nimefikiri miaka yote hii, nadhani hukuniambia wewe. Nilijitungia mwenyewe kwa aibu. Nisamehe."

Nikamwambia nimemsamehe. Ukweli sikumpa.