Kuku Ndani ya Helmeti ya Ciakuthii

Katika miaka thelathini ya kuuza mayai, Ciakuthii hakuwahi kufikisha mtaa wa Majimbo yai lililopasuka, na jambo hilo alilitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kila trei aliitandikia nyasi kavu, akaifunika gunia, akaikaza kwa mpira wa tairi kuukuu kwenye keria ya baiskeli, kisha akateremka mlima kuelekea Embu mjini huku kitambaa cha kichwani kikipepea.

Rwamba, fundi wa baiskeli pale njia panda, hakuacha kumchokoza.

"Mama Mutugi! Mayai umeyafunga kama mtoto mchanga, kichwa umekiacha wazi!"

"Mayai yana wateja," alijibu bila kugusa breki. "Kichwa changu nani atanunua?"

Pasaka ilipofika, mwanawe Mutugi, mwalimu kule Nkubu alikooa, alimletea helmeti mpya. Ciakuthii aliipokea kwa mikono miwili, akamshukuru Mungu, na akaudhika mpaka moyoni. Alifundishwa baiskeli na marehemu mumewe, enzi ambazo mwanamke akipita juu ya baiskeli watu walitoka nje kutazama. Walisema ataanguka. Hakuanguka. Sasa ana miaka sitini na mitatu, avae helmeti ili waseme, "Si tulimwambia?"

"Ajali haina kinga," alimwambia mwanawe.

"Haina, mama. Lakini kichwa kinayo, na umeishika mkononi."

Akaiweka chali jikoni, juu ya kuni. Miezi ikapita. Siku moja kuku wake mwekundu, aliyekuwa akizunguka akitafuta mahali pa kutaga, aliruka akaingia humo na kutulia. Ciakuthii akachungulia. Ndani palikuwa laini, na matundu ya hewa yapo. Akamwongezea nyasi. Mutugi alipopiga simu kuuliza kama helmeti inatosha, alijibu, "Inatosha vizuri sana." Hakudanganya. Hakusema tu inamtosha nani.

Likizo ya Agosti Mutugi akaja na binti yake wa miaka mitano, akae na nyanya yake wiki moja. Mtoto huyo naye ni Ciakuthii, kwa kuwa msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na kwa Waembu jina halipewi hivi hivi tu. Uliyepewa jina lake ndiye wewe. Mutugi humwita bintiye "mama", na akitaka kumgombeza hufikiria mara mbili. Tangu mtoto azaliwe, Ciakuthii alikuwa amejiahidi kitu kimoja: kumpakia kwenye baiskeli ateremke naye Majimbo, wateja wawaone Ciakuthii wawili kwa mpigo. Hamu hiyo ilikuwa imemkaa kooni miaka mitano.

Mutugi akaingia jikoni kutafuta chai. Kuku akamtazama kutoka ndani ya helmeti kama mwenye nyumba anayemtazama mgeni asiyebisha hodi. Mutugi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka.

"Mama, mimi niko na mama wawili, na nyinyi wote mnataka kupanda baiskeli moja. Mkianguka, nitakuwa yatima mara mbili siku moja. Ni helmeti mbili, ama hakuna safari."

Akaacha helmeti ndogo ya rangi ya waridi, akarudi Nkubu.

Ciakuthii alihesabu kwa vidole. Mayai yalibakisha siku tano yaanguliwe, na kuku anayeatamia ukimhamisha anaweza kuyasusa yote. Aaa, Mutugi yuko mbali, atajuaje? Asubuhi akamvisha mjukuu helmeti yake, akamkalisha kwenye keria, akashika usukani akiwa na kitambaa chake tu kichwani.

"Cucu," mtoto alimwita nyanya yake, "helmeti yako iko wapi?"

"Yangu iko na kuku."

Mtoto akafikiri. Kisha akaivua yake, akaiweka mapajani polepole.

"Basi mimi pia sivai. Baba alisema mimi ni wewe."

Ciakuthii aligeuka nyuma. Alikitazama kile kichwa kidogo, mistari ya nywele alizomsuka mwenyewe jana yake, akakiona kikiteremka mlima ule bila kitu, na hofu ikamshika. Hofu hiyo hakuwahi kuisikia hata siku moja kwa ajili ya kichwa chake.

"Shuka, mama," alisema. "Tutamngoja kuku."

Wakangoja. Mayai ya wateja waliyapeleka kwa miguu, baiskeli ikisukumwa, na kila wakirudi walikwenda moja kwa moja jikoni kuchungulia. Ijumaa adhuhuri vifaranga watano walitoka. Wa sita aligoma mpaka jioni, ikabidi aombewe pamoja na chakula. Jumamosi helmeti ilisuguliwa kwa sabuni, ikaanikwa, na ilipokauka ikakataa kukaa juu ya kitambaa. Ciakuthii akavua kitambaa. Mvi zake hazikuwa zimeonwa barabarani tangu ziote.

Mtoto akavaa yake, akapanda keria, na trei moja ikafungwa mbele kwenye usukani. Pale njia panda Rwamba aliinuka na spana mkononi.

"Mama Mutugi! Kumbe kichwa kimepata mnunuzi?"

"Kina mwenyewe!" alimjibu, akionyesha nyuma kwa kidevu, na huyo mwenyewe kule kwenye keria akapunga mikono yote miwili mpaka akaambiwa ashike kiti.

Majimbo nzima ilicheka nao. Kila mteja aliyeita "Ciakuthii!" aliitikiwa na sauti mbili. Ciakuthii mkubwa alikuwa na furaha mpaka akasahau kutaja kwamba hakuna yai lililopasuka.

Jumapili Mutugi akaja kumchukua mtoto. Jumatatu Ciakuthii alitoa baiskeli peke yake. Nyasi zilikuwa tayari, na gunia, na mpira wa tairi. Aliziacha zote kando kwanza, akatoa unyoya mwekundu uliokuwa umebaki ndani ya helmeti, akaivaa, akakaza mkanda chini ya kidevu. Ndipo akaanza kufunga mayai.