Sosi ya Tungule za Hapa

Baba yangu ana duka mtaa wa Mlandege, la vyakula vya makopo, sabuni na vitu vya jikoni, na tangu nimjue ana neno moja la kusifia bidhaa: "Hii ya nje." Mteja akishika chupa akaigeuzageuza, baba humwambia hivyo tu, na mteja huitia kwenye mfuko bila ya kuuliza tena. Cha hapa hapa kilikuwa kitu unachokula pale unapokosa chengine. Mimi nimekulia nyuma ya kaunta hiyo, kazi zangu za skuli nimezifanyia juu ya maboksi ya sosi yaliyotoka ng'ambo. Kwa hivyo siku niliyokwenda kumwambia kwamba nimepata kazi katika kiwanda cha kutengeneza sosi ya tungule, ndizo nyanya kwa watu wa bara, nje kidogo ya mji, nilijua nasema na nani.

Alikuwa akipanga biskuti kwenye shubaka. Aliniuliza bila ya kugeuka kama huko kiwandani nakwenda kuosha chupa. Nikamwambia nakwenda kuendesha mashine, na kwamba ndiyo kazi niliyoisomea chuo cha ufundi. Akasema yeye alidhani nimesoma ili nikae ofisini, kwenye meza na feni. Hakukataa, lakini hakuniombea kheri pia, na hilo la pili liliniuma zaidi.

Mama alilichukua jambo kwa njia yake. Majirani aliwaambia nimeajiriwa "ofisi ya kampuni ya vyakula", kisha akanisihi nisimuumbue. Kila asubuhi nilitoka nyumbani na baibui langu na mkoba wa bega kama karani, na ovaroli nimeikunja ndani ya mkoba.

Kiwanda chenyewe hakikufanana na kile nilichokuwa nikikisikia barazani. Watu walikisema kama tanuri: moshi, jasho, mashine zinazokula vidole, wanawake wasio na kwao. Nilichokikuta ni ukumbi mrefu wenye sakafu inayooshwa mpaka unaona sura yako, matenki ya chuma yanayong'ara, mkanda unaopitisha chupa, na kioo cha kubonyeza ambacho ndicho kinachoambia mashine ijaze kiasi gani na ifunge kwa nguvu gani. Mashine ya kujaza na kutia vifuniko ndiyo niliyokabidhiwa. Wanawake tulikuwa wengi kuliko wanaume. Mabaibui tuliyatundika kwenye chumba cha kubadilishia nguo, tukafunga mitandio midogo na kuichomeka ndani ya ovaroli, juu yake kofia ya neti, kwa sababu nguo yoyote inayoning'inia karibu na mkanda ni hatari. Kelele zilikuwapo, na bila ya vizibo vya masikio hukai. Harufu ya tungule zilizochemshwa iliingia kwenye nywele na haikutoka hata kwa udi. Hayo pia ni kweli na siyafichi.

Aliyenipokea na kunizoesha alikuwa bi mmoja wa Matemwe, mtu mzima, aliyekuwa akilima mwani mpaka mgongo ukamkatalia kuinama. Yeye alisimama mwanzo wa mkanda, akichambua tungule zilizokuwa zikiingia kutoka kwa wakulima na kutoka soko la Mwanakwerekwe. Alinifundisha namna ya kusimama zamu nzima bila ya kuumia magoti, na alinifundisha kunyamaza mtu anapotusema. Somo la pili halikuniingia. Kijijini kwao, aliniambia, walimcheka kwamba ameacha bahari ya Mungu akenda kufungiwa ndani. Yeye huwajibu kwamba ndani huko kuna kiti cha kupumzikia, na baharini hakikuwapo.

Nilikuwa nshazoea kazi, na hata naipenda, ilipokuja posa. Wanawake wa upande wa kiume walikuja kwa mama, wakakaa, wakanywa chai, wakanisifu. Nilikuwa chumba cha pili, nikisikia kila neno. Mmoja wao, shangazi wa kijana, akasema kwa upole kwamba wao hawana kipingamizi chochote, ila wameambiwa binti anafanya kazi kiwandani, anavaa suruali, na zamu nyengine zinakwisha magharibi. Baada ya harusi wangependa kazi hiyo iishe. Akaongeza kuwa kama ni kufundisha skuli, hapo hakuna neno.

Mama alinifuata chumbani. Macho yake yalishajaa machozi kabla sijafungua mdomo.

"Mwanangu, hii bahati. Usiitupe kwa ajili ya chupa."

"Kazi siiachi, mama. Waambie kwa adabu zote, lakini waambie."

"Na mie nitawajibu nini watu?"

"Wajibu kwamba binti yako ni fundi mashine."

Hakuwajibu hivyo. Aliwaambia bado nafikiria, na wao wakaelewa, hawakurudi. Kwa muda baada ya hapo nyumba ilikuwa nzito. Mama alinipakulia chakula na kuninyooshea nguo kama kawaida, lakini hakuniuliza tena siku yangu ilikwendaje. Nililia mara moja, kwa sababu kijana mwenyewe nilikuwa namfahamu na hakuwa mtu mbaya. Asubuhi yake nikenda kazini.

Kisha ikaja sauti ya kwenye simu. Mtu asiyejulikana, kwa ulimi wa mjini kabisa, alijirekodi akisema kwamba sosi yetu si ya tungule, ni mapapai yaliyotiwa rangi, na tungule chache zinazotiwa ni zile zilizooza, zinazookotwa sokoni Mwanakwerekwe wakati wa kufunga. Ilipita kutoka kundi hadi kundi. Niliisikia kwa jirani, nikaisikia kwa muuza chipsi, nikaisikia kwa binamu yangu aliyeniletea huku akicheka. Wauza urojo walianza kuondoa chupa zetu mezani. Maduka yakarejesha maboksi. Binti mmoja wa zamu yetu alikwenda kununua samaki akiwa bado na ovaroli, akaulizwa mbele za watu papai leo limepikwa vipi.

Meneja wetu, kijana wa familia ya wafanyabiashara wa Kihindi waliokaa mjini tangu babu zake, alituita chumba cha kulia. Alisema bidhaa haitoki, na mambo yakiendelea hivyo itabidi zamu moja isimame na nusu yetu tukae nyumbani. Alisema amekwisha kutoa tangazo la kukanusha. Nilimtizama yule bi wa Matemwe. Alikuwa akikunja kitambaa chake cha kufutia mikono, anakikunja na kukikunjua. Nilijua wakianza kupunguza watu, wenye umri mkubwa ndio watakaoanza kutolewa.

Nikasimama. Sikuwa nimejipanga. Nikamwambia meneja kwamba tangazo halitosaidia, kwa sababu watu hawakuisoma ile sauti, waliisikia kwa mtu wanayemjua, na jawabu pia liwafike hivyo hivyo. Nikasema tufungue milango. Tuwaite wenye maduka, wauza urojo, mama zetu, waje siku ya kazi, mashine zikienda, waone kila chumba. Meneja akasema wageni wataleta uchafu ndani. Nikamjibu kwamba watavaa kofia na makoti kama sisi. Akauliza na kama kitu kitaharibika mbele yao? Nikamwambia wataona namna tunavyokitengeneza. Akasema kama nitakwenda kuwaalika mwenyewe, basi na iwe.

Nilikwenda Mlandege duka kwa duka, baada ya kazi, na ovaroli mwilini. Hiyo niliikusudia. Mtaa mzima unanijua tangu mdogo, na wengi walikuwa wakiniona na nguo hiyo kwa mara ya kwanza. Wengine waliniahidi kwa kuniondosha tu. Mmoja aliniuliza kama baba yangu anajua ninachokifanya. Duka la baba niliacha liwe la mwisho.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, macho yapo kwenye ovaroli. Nikamweleza kama nilivyowaeleza wenzake, neno kwa neno, kwamba kiwanda kinawaalika wenye maduka Jumamosi asubuhi. Akaniuliza kwa nini nimemjia dukani badala ya kumwambia nyumbani. Nikamwambia nyumbani ningemwalika baba, na leo namwalika mwenye duka. Akashika kidevu. Akasema ataangalia.

Jumamosi ile walikuja wachache kuliko tulivyotarajia, lakini walikuja. Mama alikuja na majirani wawili, na sikumuuliza ameamua vipi. Baba aliingia wa mwisho. Mlangoni akaambiwa avae kofia ya neti, akaivaa juu ya kofia yake ya kiua, akasimama wima kama anayepigwa picha.

Mwenye duka mmoja, mwanamke mwenye sauti, hakuzungusha maneno. Aliuliza mapapai yanawekwa wapi. Meneja akabadilika sura, lakini yule bi wa Matemwe alimshika mkono yule mwanamke na kumwambia waende wote wakayatafute. Walifungua chumba cha baridi, wakafungua stoo, wakatizama nyuma ya matenki. Yule mwanamke alifunua hata ndoo za kupigia deki. Waliporudi mkandani aliokota tungule iliyopasuka akauliza kama hii nayo inatiwa. Bi akamwambia ndiyo, iliyopasuka leo inatiwa, iliyooza haitiwi, akamwonyesha pipa la zilizotupwa. Yule mwanamke alikunja uso kidogo. Ningependa bi angesema tunatia nzima tu, lakini hakusema, na sasa naona alifanya vyema.

Walipofika kwangu, mashine ilikuwa ikienda vizuri. Nikawa naeleza, kisha nikasikia sauti isiyokuwa yake. Chupa moja ilikuwa imelala, kifuniko kimekwama, na nyengine zinasukumana nyuma yake. Taa nyekundu ikawaka na mkanda ukasimama. Nilisikia mtu nyuma akisema basi ndiyo hizi mashine zenyewe. Nikawaomba warudi nyuma, nikazima umeme, nikaifunga swichi kwa kufuli langu, ufunguo nikautia mfukoni, ndipo nikafungua kifuniko cha kinga na kuingiza mkono. Kazi yenyewe si kubwa, lakini haitaki papara, na sikufanya papara. Nilitoa chupa iliyolala na kipande cha kifuniko kilichovunjika, nikapangusa, nikazungusha gurudumu kwa mkono kuhakikisha linakwenda. Nilipoinuka, baba alikuwa amesogea mpaka kwenye mstari wa manjano uliochorwa sakafuni, ambao wageni hawauvuki.

"Na mtu akija akawasha, na mkono wako umo ndani?"

"Hawezi. Kufuli langu na ufunguo nnao mie."

"Hata meneja?"

"Hata meneja, baba. Mpaka mie nifungue."

Akanitizama, akatizama mfuko wangu, akarudi nyuma akasimama pamoja na wenzake. Nikafungua kufuli, nikawasha, chupa zikaanza kupita tena. Hakuna aliyepiga makofi. Mama, aliyekuwa karibu na mlango, nilimwona akimwambia jirani yake kitu huku akinionyesha kwa kidole, na kwa namna alivyonyoosha shingo nilijua hasemi habari za ofisi.

Uvumi haukufa siku ile. Mpaka leo yuko atakayekuambia mapapai, na hata akioneshwa hataki. Lakini wauza urojo walianza kurejesha chupa mezani, yule mwanamke mwenye sauti akawa anasimulia alivyofunua ndoo, na zamu haikusimamishwa. Bi wa Matemwe alifanya kazi mpaka alipochoka mwenyewe. Alipoacha tulimpikia biriani pale pale chumba cha kulia, akatuambia tusilie kwenye chakula.

Baba hakuniambia kitu kuhusu siku ile, si usiku huo wala baadaye. Ila nilipopita dukani siku moja nilikuta chupa zetu kwenye shubaka, si mbele, lakini si chini pia. Mteja alikuwa ameishika moja anasita. Nikasimama nje nisikilize. Baba akamwambia, "Hii ya hapa. Kiwanda nimekiona mwenyewe, na mashine anaendesha mwanangu." Mteja aliirudisha chupa akachukua ya nje. Baba akampokea pesa yake bila ya kinyongo, na alipoondoka akaisogeza yetu mbele kidogo. Kisha akaniona, akaniambia sosi yetu bado nyepesi kuliko ile ya nje. Nikamwambia anasema kweli, na tunalishughulikia.

Sasa hivi mimi ndiye ninayewazoesha wapya. Wanatoka chuo cha ufundi, wasichana zaidi kuliko wakati wangu, na baadhi yao wanakuja na ovaroli mwilini tangu nyumbani. Juzi mama mmoja wa Mwanakwerekwe alimleta binti yake mwenyewe mpaka getini. Alitaka kujua ndani kuna nini kabla ya kumkubalia. Nikamweleza yote: kelele, kusimama, harufu kwenye nywele, na zamu zinazokwisha magharibi. Nikamweleza pia kwamba binti atajifunza kuifungua mashine na kuifunga, na kwamba atakuwa na kufuli lake. Binti alikuwa ananyoosha shingo aone ndani. Mama yake akaniuliza kwa sauti ya chini watu watasemaje.

Nikamwambia watasema. Na kwamba binti aje Jumatatu asubuhi, na viatu vya kufunga.