Pumzi ya Mama Asheri

Kwa miaka kumi na minane Daktari Fortunata alipanda na kushuka milima ya Upare na mashine ndogo ya kupima pumzi, akitafiti namna moshi wa jikoni unavyokula mapafu ya akina mama. Aliiamini mashine kuliko macho yake. Namba ilipokataana na mtu aliyesimama mbele yake, aliandika "kosa la kipimo", akalifuta jina.

Siku moja, katika kijiji cha Chome, Mama Asheri alitua mzigo wa kuni mlangoni mwa zahanati, akaingia, akapuliza. Mashine ikaonyesha pumzi chini ya theluthi moja ya inayotakiwa.

"Imekufa hii," alisema Sadock, msaidizi wa daktari. "Mtu wa namba hii hafiki hata chooni."

"Choo changu kiko mbali kuliko chako, baba," mama alimjibu, akajitwika kuni zake akaondoka.

Fortunata akapuliza mwenyewe. Mashine ilikuwa nzima. Akaiacha mezani, akamfuata mama.

Njia ilisimama kama ukuta. Mama Asheri, miaka sabini na miwili, alitangulia. Hatua moja, midomo ameichongoa, akitoa pumzi taratibu, ndefu, kama anayepoza uji wa mtoto. Hatua nyingine. Hakusimama, wala hakuharakisha. Fortunata alilijua zoezi lile la wagonjwa wa mapafu. Alilisoma chuo kikuu, kwenye kitabu kinene.

"Nani alikufundisha kupumua hivyo, mama?" aliuliza, akihema.

"Kifua chenyewe. Kilipoanza kubana, nikaanza kupoza. Mwaka wa tisa huu." Akacheka kidogo. "Na wewe poza, mwanangu, usije ukatuangukia hapa."

Akapoza. Kifua kikalegea. Akautazama ule mgongo mwembamba ukizidi kupanda kuelekea ukungu wa kilele cha Shengena, mwili ukamsisimka. Mlima mzima, kwa pumzi ya kujaza kikombe!

Ndipo majina yalipomrudia. Kumi na moja aliyafuta, yote ya wanawake waliokuja kwa miguu yao. Hawakuwa makosa. Walikuwa wagonjwa kuliko wote, na hakuna aliyewapa dawa.

Jioni alimpelekea Mama Asheri dawa ya kuvuta kwa mdomo, ya kufungua kifua, kisha akafungua madaftari ya zamani, akayaandika upya majina yale, moja moja.

"Tunaanzia wapi?" Sadock aliuliza asubuhi.

"Kwa Eliakunda, kule juu kabisa. Nilimfuta miaka sita iliyopita."

"Atakuwepo bado, daktari?"

Fortunata alitia dawa nyingine mfukoni. Alichongoa midomo, akaanza kupanda.